Mbwa Aliyelala Juu ya Paa

Mimi ni mstaafu. Cheka, maliza, kisha nisikilize.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na Jumatatu iliyopita nilimrudishia Daktari Mghoi ile fulana ya kijani yenye namba mgongoni. Nikamwambia kazi yangu ya kukimbia na mbwa imefika mwisho kwa sababu ya mtihani. Sikupewa keki. Sikupigiwa makofi. Daktari aliishika ile fulana kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na pua yake, akasema, "Wakesho, hii hukuwahi kuifua hata mara moja?" Hiyo ndiyo hotuba niliyoagwa nayo.

Sasa nasikia nyinyi watoto wa gredi ya saba na ya nane mnataka nafasi yangu. Mko kumi na mmoja, mbwa ni mmoja, na tayari wawili wenu wameshararuana masweta nyuma ya jikoni. Kabla hamjamalizana, kaeni chini niwaambie nilichokiona. Mnanijua mimi ni mtu wa mzaha. Mimi ndiye niliyeandika kwenye karatasi ya Kemia kwamba maji ni kitu ambacho Sagalla huonekana kwenye vitabu tu. Lakini kuna mambo katika kazi hii ambayo nikiyakumbuka, mzaha hunikauka mdomoni. Nimeona mbwa ambaye hanifiki gotini akitazama bega langu, na kujua ninakokwenda kabla mimi mwenyewe sijajua. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja na bado sijazoea.

Kibiriti mmeshamwona. Mwili wa manjano, kichwa cheusi, miguu kama ameiazima kwa mbwa mwingine aliye mfupi zaidi. Baba yake hajulikani. Ni mbwa wa kawaida wa huku mlimani, ila kiwandani waliishiwa na malighafi.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika kule uwanjani Voi, kazi yenyewe ni hivi. Daktari Mghoi ni daktari wa mifugo. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa watu walikuwa hawaji. Akakaa pale na sindano zake anapigwa na jua. Ndipo akafikiria mashindano ya vizuizi. Lete mbwa achanjwe, kisha ashindane. Mbwa anaruka viunzi, anapita ndani ya bomba, anapenya fimbo kumi na mbili zilizosimama kwenye mstari, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayepita sokoni na kikapu. Anapanda pembea, ule ubao unaoinama upande wa pili ukifika katikati. Halafu kuna paa. Ni mbao mbili pana zilizoegemeana zikafanya kama paa la nyumba, na mbwa anapanda upande huu anashukia ule. Chini kabisa mbao zimepakwa rangi ya njano, na lazima akanyage hiyo njano akishuka. Akiruka toka juu, ni kosa. Wewe unakimbia kando yake bila kumgusa, bila chakula mkononi. Mnamaliza kwa dakika moja au mnatoka. Na mtu mwingine yeyote akimsaidia mbwa wako kutoka nje ya kamba, hata mama yako mzazi, mmetolewa.

Rahisi. Mimi pia niliona ni rahisi.

Nilijifunza kwenye simu. Nilimaliza data za Mama nikitazama watu wa ng'ambo wakikimbia na mbwa waliochanwa nywele. Wanapiga kelele! Juu! Ndani! Geuka! Nikasema hii ndiyo kazi niliyoumbiwa, maana kelele ninayo ya kutosha kijiji kizima na akiba inabaki. Nikatengeneza viunzi kwa miti ya maua ya mkonge, kwa sababu ni myepesi na mbwa akiigonga haimuumizi. Andikeni hiyo, ni ya maana. Bomba nikalipata kwa tangi la maji la zamani lililopasuka, nikakata ncha zote mbili kwa msumeno. Siku ya kwanza nilimwingiza Kibiriti upande huu, nikakimbilia upande ule kumpokea, akatoka mbuzi wa jirani. Kibiriti alikuwa bado ndani, amelala. Mle ndani kulikuwa na ubaridi. Nani angetoka?

Lakini shida kubwa haikuwa bomba. Nikisimama mbele ya kiunzi nikapaza sauti, "Juu, Kibiriti! Juuu!" anajitupa chini, tumbo kwenye vumbi, kidevu kati ya miguu, haendi popote. Nikidhani hajasikia, naongeza sauti. Anazidi kujibana na ardhi, utasema anataka kuingia ndani yake. Nikichoka, nikikaa kimya nifute jasho, anainuka, anajipangusa, ananitazama. Basi napata nguvu, napiga kelele tena. Analala tena.

Wiki tatu hivyo. Jibu lilikuwa mbele ya pua yangu wiki tatu nzima, na mimi nikaandika daftarini: *mbwa mvivu*.

Nyanya alikuwa akinitazama toka kwenye kigoda chake mlangoni. Nyanya ni mama yake Mama. Alikaa miaka mingi kwenye shamba lake la juu, kule pembeni ambako ndovu hupita, yeye na mizinga yake ya nyuki ya kuwazuia ndovu, na mbwa mmoja baada ya mwingine. Goti lilipomharibikia akashuka kukaa na sisi, akaja na sanduku, redio, na Kibiriti. Tangu siku hiyo alikuwa haongei sana. Nilidhani ni goti.

"Unamfundisha nini?" aliniuliza siku moja.

"Kuruka, Nyanya."

"Naona anajua kulala."

"Atajua tu."

"Mmh," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Mashindano ya kwanza nitayasema haraka maana bado yananiuma. Nilimpeleka Voi kwa bodaboda, amekaa ndani ya begi langu la shule, kichwa nje, masikio yakipigwa na upepo, anasalimia watu kama mheshimiwa. Tukaanza vizuri. Kiunzi cha kwanza, cha pili, bomba. Nilikuwa nimesahau kupiga kelele kwa sababu ya woga. Tukafika kwenye paa, akapanda mbio, akafika kileleni, na watu walipoona ki-mbwa kile kimesimama juu kule kama bendera, wakalipuka. Vigelegele. Mavuvuzela. Kuna mama alikuja na sufuria na mwiko sijui alikuwa anapikia nani, akaigonga ile sufuria kama ya harusi.

Kibiriti akalala. Juu ya paa. Kwenye ule mgongo wa juu kabisa, miguu miwili upande huu, miwili upande ule, kidevu katikati. Nikapiga kelele, "Shuka!" Watu wakaona ni mchezo, wakaongeza. Alilala dakika nzima na ushee, mpaka Daktari Mghoi alipokuja mwenyewe kumtoa kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba.

Video ikazunguka kaunti nzima kabla sijafika nyumbani. Kuna mtu aliweka maneno: *Akisubiri mabati*. Ningecheka kama angekuwa mbwa wa mtu mwingine. Kusema kweli nilicheka kidogo.

Jumamosi iliyofuata akaja mjomba. Mjomba Mwadime ni mtoto wa kwanza wa Nyanya, analima ndizi Mahoo, kule Taveta kwenye maji, na Jumamosi huleta mikungu kwenye soko la Voi kwa pikapu yake. Akishamaliza kuuza hupita kwetu kumwona mama yake. Siku hiyo alikuja na simu mkononi.

"Mama, huyu si mbwa wako huyu?"

Nyanya akaitazama ile video mpaka mwisho. Hakucheka.

"Sasa sikiliza, Mama. Hapa maji mnahesabu kwa vikombe, na huyu naye anakunywa bure. Mimi kule tumbili wananimaliza. Nipe nimfunge kwenye ndizi, awe anabweka tu. Hata kama ni mfupi, kubweka hakuhitaji urefu."

"Habweki," nikasema.

"Atabweka. Akifungwa wote hubweka."

Nikamtazama Nyanya. Nilingoja aseme hapana. Alikuwa anamtazama Kibiriti, aliyekuwa amejilaza juu ya kandambili zake.

"Mbwa asiye na kazi huharibika," akasema mwishowe, polepole. "Hapa hana kazi."

"Ana kazi!" nikaruka. "Ana mashindano! Kuna mengine baada ya wiki sita!"

"Kazi gani, Wakesho?" mjomba akasema. "Kulala juu ya mbao?"

"Mwadime." Nyanya aliinua mkono, mjomba akanyamaza. "Mngoje hizo wiki sita. Akimaliza uwanja, amepata kazi, atakaa. Akilala tena, njoo na kamba yako umchukue."

Nilitafuta kitu cha kuchekesha cha kusema. Nikatafuta kila mahali. Hakikuja.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mwache kuchezea zipu zenu.

Kama siku nne baadaye, jioni ya mapema, jua bado liko, watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira kule nje ya ua. Wakafunga bao. Wakapiga kelele, wakapiga mitungi ya maji kwa mawe, pam pam pam. Kibiriti alikuwa anakatiza ua na kipande cha ukoko wa ugali alichokiiba jikoni. Pale pale akajitupa chini, ukoko mdomoni, kimya.

Nyanya alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Alinyanyua kidole kimoja tu cha shahada juu ya ukingo wa ungo, kama mtu anayeonja upepo. Kibiriti akainuka. Kidole kikakunjwa, kiganja kikashuka pajani. Kibiriti akaja, akapita katikati ya kelele zile zote kana kwamba hazipo, akakaa kando ya mguu wake, akautema ukoko chini vizuri na kusubiri.

Jaribuni kunielewa. Nilikuwa nimemkaripia mbwa yule mwezi mzima kwa sauti iliyosikika mpaka barabara kuu.

"Nyanya, umefanya nini?"

"Nachambua ndengu. Huoni?"

"Hapana. Hicho kidole."

Akakitazama kidole chake kana kwamba ni cha mgeni. "Ah. Hiki ni cha shamba."

"Cha shamba vipi?"

Akaweka ungo chini. "Ndovu akija, watu hufanya nini?"

"Wanapiga kelele. Wanapiga madebe."

"Enhe. Na mbwa mjinga hufanya nini? Hubweka. Humwendea ndovu, anajiona mwanamume. Ndovu akikasirika akamgeukia, yule mbwa hukimbilia wapi?"

Nikafikiria. "Kwa mwenyewe."

"Kwako. Anakuletea ndovu mpaka miguuni. Nimeona mtu aliyeletewa." Akalinyoosha goti lake. "Kwa hiyo mbwa wangu wote niliwafundisha toka wachanga. Ukisikia kelele za watu, lala, funga mdomo, uwe jiwe. Usiinuke mpaka uone mkono wangu. Mkono, si sauti. Kwenye kelele zile nani atasikia sauti? Huyu ndiye aliyejua kuliko wote. Usiku mmoja ndovu alipita hatua tano kutoka kwake, akamnusa, akaenda zake. Hakutikisa hata sikio."

Nilimtazama Kibiriti. Kile kitu kidogo chenye kichwa cheusi. Ndovu amemnusa! Na mimi nimemwandika mvivu.

Pale juu ya paa hakuwa amekataa kazi. Watu wamepiga kelele, wamegonga sufuria, na yeye amefanya alichofundishwa ili mtu wake asife, akangoja mkono. Na mkono haukuja. Mimi nilikuwa napunga mikono yote miwili na kupiga mayowe kama ndovu mwenyewe.

"Sasa mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Uliniuliza? Ulikuwa unaiuliza simu."

Kuanzia kesho yake Nyanya alihamisha kigoda chake kutoka mlangoni hadi katikati ya ua. Asubuhi mapema, kabla jua halijazipasha mbao moto, maana mbwa akiunguza nyayo mara moja hatazipanda tena mwezi mzima. Kiganja kikitazama chini, lala. Kidole juu, inuka. Mgongo wa mkono ukisukuma hewa, nenda mbele. Kiganja kikija pajani, njoo. Kiwiko kikitoka kidogo, zunguka upande huo. Basi. Ishara tano, na zote za mkono mmoja, kwa sababu shambani mkono wa pili ulikuwa umeshika debe.

"Unapunga kama unaaga basi," Nyanya alikuwa akiniambia. "Mkono mdogo. Yeye ndiye anayekutafuta wewe. Ukianza kumtafuta wewe, mmeshapotezana."

Na mdomo! Mdomo wangu ndio ulikuwa kazi. Naanza vizuri, kimya, kiunzi kimoja, viwili, halafu mdomo unaponyoka wenyewe, "Ehee, msichana wangu!" na Kibiriti yuko chini. Siku ya tatu Nyanya alifungua leso kiunoni, akaniita, akanifunga nayo mdomo, fundo kisogoni. Majirani walipita wakachungulia. Mama akatoka kwenda kazini, akasimama, akasema, "Mama, hiyo imekawia miaka kumi na saba," akaenda zake.

Nilikimbia na leso mdomoni, na ndipo nilipoanza kuona. Ukinyamaza, macho yanapata kazi. Niliona kwamba Kibiriti hatazami hata mkono kwanza. Hutazama ncha ya kiatu changu. Kisha bega. Kisha ndipo mkono. Kiatu kikielekea bomba na mkono ukielekea kiunzi, anaamini kiatu. Kumbe mwili wangu wote ulikuwa unaongea muda huo wote, unasema uongo kushoto na kulia, na yeye anajaribu kuchagua ukweli. Nilipovipanga vyote vitatu vikaelekea mahali pamoja, alipita fimbo kumi na mbili za mkonge kama uzi unaopita kwenye kitambaa. Nilipogeuka, Nyanya alikuwa amesimama. Na goti lile.

"Tena," akasema.

Kwa hiyo mkianza, anzeni na viatu. Kateni kucha zake, zikiwa ndefu huteleza kwenye pembea. Wekeni ukoko chini kabisa kwenye ile rangi ya njano kila siku ya mazoezi, ajue pale ndipo riziki ilipo, na siku ya mashindano atafika pale mwenyewe. Na Daktari akiwaruhusu kuukagua uwanja bila mbwa, kagueni mara tatu. Mtaonekana wendawazimu, watu wazima na watoto wanazunguka wakionyesha hewa mahali pa kupita. Nyanya alipoona mara ya kwanza aliniuliza kama wale nao wamekuja kuchanjwa.

Wiki sita zikaisha.

Alikuja, Nyanya mwenyewe, nyuma ya bodaboda, goti limenyooshwa pembeni kama mkuki. Akawekewa kiti cha plastiki kando ya kamba. Mjomba Mwadime naye alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, pikapu ameiegesha langoni, kamba ya katani amening'iniza begani. Aliniambia, "Wakesho, usinichukie. Kule ana maji." Niliogopa nikifungua mdomo sitaufunga tena.

Shida moja ilikuwa haijatatuliwa, na usiku wote nilikuwa nimeifikiria. Mkono nilikuwa nao. Lakini watu je? Kila wakipiga kelele atalala, nitamwinua, watapiga tena, atalala tena, na dakika ni moja. Nilimfuata Daktari Mghoi.

"Daktari, kuna sheria inayokataza watu kunyamaza?"

Akanitazama juu ya miwani. "Sheria hiyo hakuna. Lakini huu ni uwanja wa Voi, Jumamosi. Nani atawanyamazisha?"

Nikaenda kwa jamaa wa spika. Aliponiona akapaza kwenye maikrofoni, "Na huyu hapa Wakesho na mbwa wake wa mabati! Wakesho, tuvunje mbavu!" Watu wakaanza kucheka hata kabla sijashika kitu. Nusu ya shule yetu ilikuwa pale. Mama wa sufuria alikuwa pale, na sufuria yake.

Nilikuwa na vichekesho saba kichwani, vizuri, nimevihesabu. Nikavimeza vyote.

"Naomba mnyamaze," nikasema.

Wakacheka zaidi.

"Sifanyi mzaha. Mbwa huyu amefundishwa shamba la ndovu, Sagalla. Akisikia kelele za watu hulala ili asimpeleke ndovu kwa mwenye mbwa. Siku ile hakuwa mvivu. Alikuwa kazini. Akilala tena leo, anaondoka kwetu. Naomba dakika moja tu ya kunyamaza."

Kukawa na minong'ono. Halafu mzee mmoja katikati ya watu, simjui mpaka leo, ana kofia ya sufu, akasimama akasema kwa sauti ya kanisani, "Nyamazeni. Huyo ni mbwa wa mizinga." Na wale wa milimani wakaelewa. Niliona wakiwageukia wenzao wa mjini, vidole midomoni. Mama wa sufuria aliingiza mwiko ndani ya sufuria, akaikumbatia yote kifuani.

Wenzangu, sijawahi kusikia kitu kama kile. Uwanja mzima wa watu, Jumamosi, Voi, na ulikuwa unasikia bendera za plastiki zikipepea kwenye kamba.

Nikageuka kumtazama Nyanya. Alikuwa ameizungusha leso mikononi mwake, ile ile ya mdomo wangu, mikono yote miwili imo ndani, imefungwa fundo. Ili asije akainua kidole bila kukusudia, tukatolewa.

Nikasukuma hewa kwa mgongo wa mkono, Kibiriti akaondoka.

Kiunzi. Kiunzi. Zilisikika kucha zake tu, trrr, kwenye mchanga. Bomba, akaingia, na uwanja mzima ukamsikia akipumua mle ndani, akatoka. Fimbo, kumi na mbili, hakuruka hata moja. Pembea akaisubiri iiname, akateremka nayo kama bibi anayeshuka ngazi. Nilikuwa sikimbii naye. Nilikuwa nakimbia ndani ya kitu alichokuwa anakifanya yeye. Akapanda paa.

Alipofika kileleni, treni ya mizigo ikapiga honi.

Mnaijua ile honi. Ndefu, kama mavuvuzela mia kwa pamoja, inaingia mpaka kwenye meno. Kibiriti akaanguka tumbo, pale pale pa siku ile, kidevu kwenye mbao. Na mimi nilikuwa nimeshapita mbele, nimempa mgongo.

Hakuna aliyepiga kelele. Nawaambia hakuna hata mmoja. Nilisikia mtu akivuta pumzi akaizuia.

Niligeuka polepole. Kiatu kwanza, kimwelekee. Kisha bega. Treni bado inalia. Macho yake yalikuwa juu yangu tayari, meusi, hayakupepesa, na nikaelewa kwamba hivi ndivyo alivyomtazama Nyanya gizani ndovu akiwa hatua tano. Hakuwa na hofu. Alikuwa ananingoja mimi, mtu wa mzaha, kana kwamba haiwezekani kabisa nisimwite.

Nikanyanyua kidole kimoja.

Akainuka ndani ya ile honi. Akashuka paa hatua kwa hatua, akakanyaga njano kwa miguu yote minne, akaruka kiunzi cha mwisho, na Daktari Mghoi akabonyeza saa yake. Sekunde hamsini na nane. Nafasi ya pili katika mbwa wafupi, na mbwa wafupi tulikuwa watatu, lakini hayo msiyaulize.

Treni ikaisha kupita. Watu bado walikuwa kimya, sababu hakuna aliyewaambia waache. Wengine walikuwa wanapunga mikono hewani badala ya kupiga makofi, mikono mingi, kimya. Mama wa sufuria alikuwa analia ndani ya sufuria.

Nyanya aliuma lile fundo kwa meno, akalifungua. Akatoa mkono, kiganja kikaenda pajani. Kibiriti akakatiza uwanja wote, akapita miguu ya watu, akakaa kando ya kandambili zake.

Mjomba Mwadime akaja, kamba bado begani, anakohoa kikohozi cha mtu anayetafuta maneno. "Sasa, Mama," akasema, "kusema kweli mbwa mwenye akili hivi, kule kwangu kwenye ndizi angeweza..."

Nyanya hakumtazama hata kidogo. Alinyoosha mkono mmoja tu mbele yake, kiganja kikitazama chini.

Na mjomba wangu, mtu mzima mwenye pikapu na ekari nne za ndizi, akakaa chini kwenye nyasi.